Yule Mweupe Katikati ya Kundi

Kitendawili!

Tega.

Kwetu Ulaya, jina langu la Bukini, na kote huko sijafika.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Haya, nimekwenda Unguja, nimekula halua, nimekunywa kahawa, nimerudi. Jibu ni bata bukini, yule ndege mnene wa uani mwenye shingo ndefu, anayemkimbiza mgeni getini huku ameinamisha shingo na kutoa mlio kama wa nyoka.

Bukini ni jina ambalo wazee wa pwani walikiita kisiwa cha Madagaska. Bata huyu mgeni alipoonekana kwetu akaitwa bata wa Bukini, na jina likamganda. Lakini hata huko Bukini si kwao, maana hakuna bata wa mwitu wa ukoo wake. Ukoo wake uko mbali zaidi. Leo, wajukuu zangu, nataka niwasimulie siku nilipokutana na ukoo huo ana kwa ana, na jinsi mjukuu wangu wa miaka tisa alivyojifunza kumtambua bata wa kufugwa aliyejichanganya na bata wa mwitu.

Mimi ni mtu wa Mto wa Mbu, kando ya Ziwa Manyara, na bata bukini nimewafuga tangu nikiwa msichana. Binti yangu anaishi London. Nilipokwenda kumtembelea, asubuhi moja ya mwezi Juni mjukuu wangu alinishika mkono akanipeleka kwenye bustani kubwa yenye ziwa, karibu na kwao. Ukingoni mwa maji palikuwa na kundi la ndege kama hamsini, wamejiinamia wanakata majani kwa midomo. Nikasimama. Watoto wa ukoo huu nimewalisha pumba maisha yangu yote, na sasa walikuwa mbele yangu wale ambao hawajawahi kulishwa na mtu.

"Bibi," mjukuu wangu akasema, "mbona yule mmoja ni mweupe?"

Tukaketi kwenye benchi. Nikamwambia, "Huwezi kumjua mgeni kabla hujawajua wenyeji. Tuanze na hao wengine."

Wengi katika kundi lile walikuwa bata bukini wa kijivu. Rangi yao ni kama majivu yaliyochanganyika na udongo, na kila unyoya wa mgongoni una ukingo mweupe mwembamba, utadhani fundi cherehani amepita na chaki. Shingoni manyoya yamejipanga kwa mistari ya kina kama shamba lililopigwa matuta. Mdomo una rangi ya chungwa, miguu ni ya waridi, na chini ya mkia ni peupe. Uzito wa ndege huyu ni kilo tatu na kitu. Yeye ndiye babu wa bata bukini waliofugwa Ulaya tangu zama za kale.

Wengine walikuwa bata bukini wa Kanada. Hao hata mtoto mdogo hawakosi: shingo nyeusi tititi, kichwa cheusi, na kitambaa cheupe kinachotoka shavu hadi shavu kupitia kidevuni, kama mtu aliyejifunga leso kwa sababu jino linamuuma. Mdomo mweusi, miguu myeusi. Nao kwa asili si wa Uingereza. Waliletwa kutoka Amerika Kaskazini katika karne ya 17, wakati Mfalme Charles II alipokuwa akikusanya ndege katika bustani ya St James's Park. Wakazaana, wakatoka nje ya bustani, na leo wako kila bwawa.

"Haya," nikasema, "sasa mtazame yule mweupe. Lakini nataka ufanye jambo gumu. Isahau rangi yake."

"Nitamtambuaje bila rangi, Bibi?"

"Mtazame kitako."

Akacheka. Mimi sikuwa natania, na ninyi pia msicheke mkapita. Rangi ya ndege hudanganya. Kuna bata bukini weupe ambao ni wa mwitu kabisa, kama bata bukini wa theluji wa Amerika Kaskazini. Huyo ni mweupe pe, lakini ncha za mabawa yake ni nyeusi kama zimechovywa katika wino. Bata mweupe wa kufugwa hana wino huo. Ni mweupe hadi ncha. Tena wakati mwingine bata wa mwitu huanguliwa akiwa na mabaka meupe kwa sababu ya hitilafu ya rangi aliyozaliwa nayo, na hajawahi kuona banda maishani. Ukihukumu kwa rangi peke yake, utawaonea wengi.

Mwili ndio husema kweli. Bata wa mwitu amelala sawasawa na ardhi kama mtumbwi majini, na nyuma amechongoka. Yule mweupe alikuwa mtumbwi uliopakiwa mizigo yote nyuma. Tumbo lake lilikuwa limeshuka katikati ya miguu kwa mikunjo miwili ya mafuta, ikikaribia kugusa majani. Kwa kuwa uzito uko nyuma, kifua chake kilikuwa juu na shingo imesimama wima. Alipotembea aliyumba kushoto, akayumba kulia, kama mama aliyebeba ndoo mbili za maji kutoka bombani. Wenzake wa kijivu walipita kando yake kwa hatua nyepesi, wakamwacha nyuma, naye akawafuata.

"Nani alimfanya awe hivyo?" mjukuu wangu akauliza.

"Sisi," nikajibu. "Watu."

Bata wa mwitu huchongwa na njaa, baridi na mbweha. Akinenepa kupita kiasi hawezi kuruka haraka, na asiyeruka haraka huliwa kabla hajataga. Basi wanaobaki ni wepesi. Bata wa kufugwa amechongwa na mkono wa mtu. Mfugaji huchinja wembamba na kuwaacha wanene wazae. Mwaka unaofuata hufanya vivyo hivyo, na watoto wake hufanya vivyo hivyo. Huko Uchina, mahali paitwapo Tianluoshan, karibu na Mto Yangtze, watafiti wamechimbua mifupa ya bata bukini inayoonyesha kwamba watu waliwafuga miaka 7,000 hivi iliyopita. Pigeni hesabu ni vizazi vingapi vya wafugaji hapo. Matokeo yake, bata wa kufugwa anaweza kufika kilo kumi, na majike wengine hutaga hadi mayai hamsini kwa mwaka, wakati mwenzao wa mwitu hutaga kama matano au sita na kuyaatamia.

Kwa hiyo ukimwona ndege ziwani mwenye kitako kizito na tumbo linaloburura, unaona kazi ya mikono ya watu wengi waliokwisha kufa zamani. Hiyo ndiyo alama ya kwanza, na ndiyo kubwa.

Alama ya pili iko usoni. Bata bukini wa kufugwa wana mababu wawili, si mmoja. Wa kwanza ni yule wa kijivu wa Ulaya. Wa pili anatoka Mongolia, kaskazini mashariki mwa Uchina na mashariki ya mbali ya Urusi. Huyo wa mwitu ana mdomo mrefu mweusi na shingo ya rangi mbili: nyuma kahawia iliyokolea, mbele nyeupe kama maziwa, na mpaka kati ya rangi hizo umenyooka kana kwamba umepigwa kwa rula. Wafugaji walipomlea kwa karne nyingi, akaota nundu kubwa pale mdomo unapokutana na paji la uso. Basi ukimwona bata bukini mwenye nundu ya namna hiyo, jua ni wa kufugwa, au damu ya kufugwa imo ndani yake, na babu yake ni wa Mashariki.

Katika ukoo huo wa nundu kuna jamii moja kubwa yenye ngozi inayoning'inia kooni kama ya ng'ombe. Wafugaji wa Ulaya na Marekani huiita bata bukini wa Afrika. Msidanganyike. Asili yake ni Uchina, si Afrika. Nyinyi mnaoita bata wa Ulaya kwa jina la Bukini hamtashangaa. Majina ya ndege hawa yamesafiri njia zake, na wenyewe wamesafiri njia zao.

Tulikuwa bado tunazungumza mjukuu wangu akaruka kutoka kwenye benchi. "Bibi, yule kule haruki! Nimemwona anakimbia majini anapigapiga mabawa tu. Basi naye ni wa kufugwa!"

Nikamwonyesha chini. Majani yote yalikuwa yametapakaa manyoya marefu ya mabawa. Akaokota mmoja. Ulikuwa mrefu kama rula yake ya shule, wa kijivu, na mhimili wake ni mgumu kama kijiti. Kila mwaka, majira ya kiangazi cha Ulaya, bata bukini hupukutisha manyoya yote makubwa ya mabawa kwa wakati mmoja. Kwa muda wa kama mwezi mmoja hakuna anayeruka, awe wa mwitu au wa kufugwa. Ndiyo maana wanakaa karibu na maji, ili hatari ikija wapate pa kukimbilia. Usiseme "haruki, basi ni wa kufugwa" kabla hujajua ni mwezi gani.

Akautia unyoya ule mfukoni, akaketi tena. Ndipo nami nikamwona ndege ambaye nilikuwa sijapata kumwona katika miaka yangu yote ya kufuga.

Alikuwa amesimama pembeni, kati ya wa kijivu na wa Kanada, na hakufanana na yeyote. Shingo yake ilikuwa kahawia iliyokolea, si nyeusi, si kijivu. Mashavuni alikuwa na weupe uliotapakaa ovyo, kama mtoto aliyeingiza uso kwenye debe la unga. Mdomo wake ulikuwa wa waridi lakini wenye mabaka meusi. Miguu ilikuwa ya waridi.

"Huyu ni chotara," nikasema kwa sauti ya chini. "Tumhoji, kiungo kimoja kimoja. Shingo, wewe ni ya nani?"

"Ya Kanada," mjukuu wangu akajibu kwa niaba ya shingo, "ila imefifia."

"Mashavu?"

"Ya Kanada pia. Lakini kitambaa kimechanika."

"Miguu?"

"Ya wa kijivu!"

Hiyo ndiyo njia ya kumtambua chotara, wajukuu zangu. Usimtazame mzima mzima na kushangaa. Mhoji kiungo kimoja kimoja, na kila kiungo kitataja upande wake. Kisha rudi kwenye kitako. Kikiwa kizito, huenda mzazi mmoja alikuwa bata wa kufugwa; kikiwa chepesi, huenda wazazi wote waliishi ziwani. Wala usitafute chotara wawili wafanane. Mmoja hutoka na kichwa karibu cheupe chote, mwingine na doa kidogo tu usoni, na huenda ni ndugu wa tumbo moja.

Wahenga walisema ndege wafananao huruka pamoja. Imekuwaje basi hawa wasiofanana wakaoana? Jibu liko kwenye kiota. Jike wa bata bukini wakati mwingine hutaga yai katika kiota cha jike mwingine, hata wa aina nyingine. Kifaranga akianguliwa humshika yule wa kwanza anayemwona na kumfuata, akamfanya mama. Mtaalamu mmoja wa Austria, Konrad Lorenz, alilichunguza jambo hili kwa bata bukini wa kijivu: vifaranga waliomwona yeye kwanza walimfuata yeye kila alikokwenda, mpaka majini. Kwa kazi yake ya kuchunguza tabia za wanyama alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili. Kifaranga aliyelelewa na wa Kanada hukua akijiona ni wa Kanada, na akifika umri wa kuoa hutafuta mchumba anayefanana na mlezi wake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Njia ya pili ni upweke. Bata bukini hukaa na mwenzi mmoja miaka mingi. Yule mweupe aliyeachwa ziwani peke yake, asiyeona wa aina yake, mwisho huchukua aliyepo.

Watoto wa wa Kanada na wa kijivu wengi huwa tasa, kama baghala, mtoto wa punda na farasi. Kwao hadithi huishia hapo. Lakini bata mweupe wa kufugwa na bata wa kijivu wa mwitu ni wa ukoo mmoja, mjukuu na babu, na watoto wao huzaa bila shida. Watafiti waliochunguza vinasaba vya bata wa kijivu wa mwitu huko Ulaya wamekuta alama za mabanda ya wafugaji zimeingia ndani yao. Hiyo maana yake ni kwamba ule mwili mzito tulioutengeneza sisi unaweza kurudi taratibu kwa ndege wanaohitaji wepesi ili waishi.

Hapo mjukuu wangu akanyamaza. Kisha akauliza swali nililokuwa nalingoja: "Yule mweupe alifikaje hapa?"

Sikujua habari zake. Ila najua jinsi mambo haya yanavyotokea. Mtu hununua kifaranga kwa sababu ni kizuri, kina manyoya laini ya manjano. Kinakua, kinapiga kelele alfajiri, kinachafua ua. Mtu anakitia kwenye sanduku, anakipeleka ziwani usiku, anajiambia, "Ataishi na wenzake." Lakini hao si wenzake. Wao wataruka hatari ikija. Yeye, na kilo zake zote, atabaki ukingoni. Nimefuga bata maisha yangu yote na nawaambia bila kuficha: kumtupa ndege uliyemnyang'anya mabawa ni ukatili. Ukimchoka, mtafutie mfugaji mwingine.

Tulipoinuka kuondoka, bata mwingine akatua majini mbele yetu kwa kishindo. Mwili wa hudhurungi, miguu ya waridi, doa la kahawia kifuani, na kuzunguka jicho duara la kahawia kama mtu aliyejipaka wanja. Moyo wangu ukaruka. "Huyu ni wa kwetu!" nikasema kwa sauti kubwa, watu wakageuka.

Alikuwa bata bukini wa Misri. Wamisri wa kale walimchora kutani, na leo ukienda Manyara, Ngorongoro au Naivasha utamkuta wawiliwawili, dume na jike, wakilindana. Mara nyingine hutaga katika kiota cha fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kichwa kama nyundo. Ingawa tunamwita bata bukini, kiukoo si bata bukini halisi, bali ni tawi jingine la jamii ya bata. Ulaya alipelekwa awe pambo la mabwawa ya matajiri, akatoroka, akaongezeka, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukamwandika katika orodha ya viumbe wageni wanaoleta madhara. Kosa si lake. Aliyembeba ni mtu.

Mnaosoma haya mkiwa Afrika Mashariki, kazi yenu ni rahisi kidogo. Bata bukini halisi wa mwitu hawana makazi kwetu. Wa mwitu mnaoweza kuwaona ni huyo wa Misri. Yupo pia bata mkubwa mweusi mwenye tumbo jeupe, mdomo mwekundu na mwiba kwenye kila bawa, ambaye ndiye mkubwa kuliko bata wote wa mwitu wa Afrika. Tena yupo yule mdogo sana, kama robo kilo tu, anayejificha kwenye yungiyungi. Mkimwona ziwani mweupe au wa kijivu mwenye kitako kizito, huyo ana mwenyewe. Muulizieni kwa wafugaji wa jirani.

Wala msidhani machotara ni habari za London tu. Huko Afrika Kusini, bata wa Ulaya mwenye kichwa cha kijani aliletwa na watu kuwa pambo, na sasa anazaana na bata wa mwitu mwenye mdomo wa njano, ambaye yuko pia kwenye mabwawa ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Kila Januari watu wa nchi nyingi duniani, zikiwemo zetu, huhesabu ndege wa maji, kazi iliyoanza mwaka 1967. Hesabu hiyo husaidia kujua kama ndege wanapungua au wanaongezeka, na haiwezi kuwa sahihi kama mhesabuji anamwandika bata wa jirani kuwa wa mwitu. Siku moja mhesabuji huyo atakuwa mmoja wenu.

Jioni ile, mjukuu wangu aliuweka ule unyoya wa kijivu kati ya kurasa za daftari lake. Tulipokwisha kula akaketi mkabala nami, akaweka mikono magotini kama alivyoniona mimi ninavyofanya.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Shingo ya baba, miguu ya mama, na kijiji chetu hakipo."

Nilimtazama. Jibu nililijua, nanyi mnalijua. Lakini aliyetega ana haki ya kusafiri, basi nikampa mji.

"Nimekwenda Mto wa Mbu," akasema, "nimekula ndizi, nimewahesabu bata, nimerudi."